Sijaona Kilichopungua

Siyo kwamba mtandao ulikatika, Ngosha, mume wangu. Nilinyamaza. Uliponiuliza Jumapili kwa nini nimekataa kukaimu ukuu wa masijala, nilikuwa karibu kulia, na mwenye nyumba alikuwa anachambua mchele mlangoni kwangu, masikio yote kwenye simu. Ndiyo maana naandika. Kwenye karatasi naweza kulia na bado ukanielewa.

Umeamkaje huko Kalemela? Mpunga umeshachanua? Kifua cha mayu, mama yetu, kimetulia, au bado anaficha dawa chini ya mto? Mimi mwili ni mzima. Upweke tu. Miezi mitatu ya ndoa, na tumekaa pamoja siku kumi na moja! Hapa Lagangabilili nikisonga ugali, mkono wangu unamimina unga wa watu wawili, halafu nakaa nautazama. Shati lako la kijani nimelitundika nyuma ya mlango. Nikitoka kazini nalisalimia. Usicheke.

Unajua kazi hii niliipata kwa zile nafasi zilizotengwa kwa wenye ulemavu. Majina yalipobandikwa nilirukaruka kwa furaha. Wiki ya kwanza tu, Masanja, karani mwenzangu, akanibatiza jina la wabunge wasio na jimbo. "Viti Maalum, habari ya asubuhi!" Ofisi nzima ikacheka, na mimi nikacheka kuliko wote. Masanja si mtu mbaya; akitoka kwao Mwandoya huniletea karanga. Lakini jina limeniingia. Nafika kabla mlinzi hajafungua geti. Faili likiwa rafu ya juu sisemi, napanda kiti na mguu wangu huu mfupi. Nisipoelewa jambo siulizi, wasije wakasema, "Si mnaona?" Mwezi uliopita niliweka faili la uhamisho wa mwalimu mmoja mahali pasipo pake, kwa sababu niliona aibu kuuliza. Mwalimu alikuja mara tatu kutoka kijijini, mara tatu akarudi mikono mitupu. Nilipolipata nikamwomba radhi. Akasema, "Dada, ungeuliza tu."

Ndipo Mama Limi, mkuu wetu wa masijala, anayekwenda likizo ya uzazi, akaniita: "Utakaimu wewe."

Nikasema, "Mama, mimi niliingia kwa kupewa. Mpe Masanja."

Akanitazama, mkono kiunoni, tumbo mbele. "Masanja hajui faili lilipo hata akiwa amelikalia! Mimi natafuta mtu wa kushika funguo, wewe unaniletea habari za kupewa. Kafikirie tena. Jibu nalitaka Ijumaa, mgongo unaniuma."

Hayo ndiyo nilishindwa kukueleza. Na nilipoiweka simu chini, nikaikumbuka siku ya mahari. Baba yangu, kwa upole wake, alisema ng'ombe wapunguzwe kwa ajili ya mguu wangu. Nilikuwa nyuma ya ukuta wa jiko, shangazi amenishika mkono. Nikakusikia wewe, bwana harusi ambaye siku hiyo hana kauli, ukisema, "Baba, punguzo hilo la nini? Mimi sijaona kilichopungua." Wazee wakakukemea mpaka basi! Shangazi akanifinya kwa furaha nikapiga yowe. Mume wangu, hakuna mwanamke Simiyu nzima aliyewahi kuambiwa neno tamu kama hilo, na mimi nililisikia kwa masikio yangu, nimeshika mwiko.

Lakini Jumapili nikajiuliza upumbavu: labda na wewe ulinionea huruma. Labda wale ng'ombe kamili nao walikuwa nafasi iliyotengwa. Unaona nilipofika? Anayenitesa si Masanja. Ni kwamba sasa nikipewa chochote, hata mapenzi, nakigeuza upande wa pili kutafuta huruma ilipoandikwa.

Leo Ijumaa nimekwenda kwa Mama Limi nikapokea funguo. Sijui kama ningeipata kazi hii bila ile nafasi; pengine nisingeipata. Lakini faili la mwalimu lilipotezwa na aibu yangu, siyo mguu wangu, na aibu naweza kuiacha. Masanja akanipigia saluti: "Jamani, Viti Maalum kachukua jimbo!"

Nikamwambia, "Jimbo linataka lile faili ulilochukua Jumanne. Na hili hapa la rafu ya juu, kaka, nipandishie wewe."

Akapanda, akinung'unika. Ni mara ya kwanza nimemwomba mtu msaada hapa ofisini. Mbingu haikuanguka.

Nisalimie mayu, mpe mwangaluka, salamu ya asubuhi, kutoka kwa mkwewe. Nisalimie baba mkwe, pamoja na wifi yangu Kabula anayekupikia kwa niaba yangu. Mwambie asikupikie vizuri sana.

Lile swali langu usinijibu kwa simu. Nataka nikae mbele yako, nione macho yako, nikuulize kama siku ile kulikuwa na huruma. Kama ilikuwepo, hata kidogo, uniambie. Nimeshaomba ruhusa kwa Mama Limi kabla hajaanza likizo, na basi la Jumamosi nalijua. Mwezi huu hauishi kabla sijafika.

Mkeo anayekupenda kuliko juzi,
Minza