Ruhusa ya Msafiri

Ngombezi, Jumanne, Ramadhani

Leo mkono wangu nusura uende na majani ya mkonge. Njaa ilinipa kizunguzungu, nikawa nalisha mashine kama mtu aliyesinzia. Saitoti, Mmasai ninayelisha naye, akanivuta shati.

"Mzee, Mungu wako kakuomba njaa. Mkono hajakuomba."

Wenzetu wakacheka. Mimi nikaendelea kulisha, macho kwenye mkono.

Nikimwomba nyapara kazi nyepesi, nafasi yangu atapewa mwingine. Nikila mchana, moyo hautatulia.

Jioni nikamuuliza shehe: msafiri si anaruhusiwa kula, akalipe akifika kwao? Mimi kwetu Kigoma.

"Anaruhusiwa. Unarudi lini?"

Siku ya kurudi siijui; basi hapa mimi ni mkaazi, si msafiri. Kwa hiyo kesho nafunga, na mashine ni ileile.