Mpangaji wa Rundo la Majani

Shangazi mpendwa, shikamoo. Nakuandikia wakati wa mapumziko ya mchana, nimekaa juu ya mafurushi ya mashuka, na nisiposema leo nitapasuka. Mimi ni mpiga pasi kwa dobi, mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma, na huu ni mwezi wa kumi na moja tangu aende kwenye ujenzi wa daraja, mbali huko ambako simu haishiki mpaka apande kilimani, na nafasi ya kupanda anaipata Jumapili tu, baada ya chakula.

Sasa, Shangazi, uani kwetu kuna miti mitatu inayopukutisha majani mwaka mzima, tunayafagia, tunayarundika pembeni, rundo likijaa tunalichoma, na ndani ya rundo hilo alihamia kalunguyeye, yule mnyama mdogo wa miiba anayejikunja kama mpira ukimgusa, mume wangu akampenda akamwita Mpangaji, akawa anamwekea maji kwenye kifuniko cha ndoo, na siku ya kuchoma hakuwa analichoma rundo pale lilipo, alilihamisha kwanza kwa reki, taratibu, mpaka kwenye udongo mtupu, ili aliyelala ndani atoke, kazi ya saa nzima, mama mkwe kasimama mlangoni anasema, "Jamani, huyu mtoto wangu anahamisha takataka kama anahamisha nyumba!" na sisi tunacheka.

Siku ya kuondoka aliniachia agizo moja tu. Hakuniambia jitunze, hakuniambia nitakukumbuka, aliniambia, "Usiwashe kabla hujalihamisha."

Tangu hapo kila Jumapili akipiga simu, neno lake la kwanza ni "Mpangaji hajambo?" Shangazi, miezi yote hii nalala upande mmoja wa kitanda, foronya ya mto wake sijaifua, mimi ambaye kufua na kupiga pasi ndiyo kazi yangu, kwa sababu nikiifua harufu yake itakwisha, halafu naulizwa habari za mnyama! Wivu ulinipanda, nacheka nikiandika lakini ndio ukweli, nilimwonea wivu kalunguyeye. Jumapili moja, miezi mitatu iliyopita, simu ilikatika alipomaliza tu kumuulizia Mpangaji, sikumpata tena, nikatoka uani na hasira zangu, nikawasha kiberiti, sikulihamisha rundo, na lilikuwa limekaa wiki tano. Moto ulipokolea nikasikia sauti ndani, nyembamba, kama ya mtoto mchanga, nikashika reki nikaanza kupangua lakini joto likanirudisha nyuma, na sauti ikanyamaza. Majivu sikuyachungulia, niliyafunika mchanga. Tangu siku hiyo maji ya kwenye kifuniko hayaguswi.

Ndipo nikaanza uongo. Kila Jumapili nasema hajambo, mara kanenepa, mara kapita mlango wa jikoni, na mume wangu anacheka kule kilimani, na mimi namsikiliza nikiwa karibu kulia, maana kicheko kile nina kiu nacho na nakipata kwa kumdanganya. Sasa anarudi baada ya wiki mbili, anasema amemchomelea Mpangaji bakuli la chuma la kunywea maji, na mama mkwe anataka Jumamosi nichome rundo jipya lililokwisha kujaa ili mwanawe akute uwanja safi. Mwenzangu wa meza ya pili kazini ananiambia, "Sema kaliwa na mbwa wa jirani, yaishe," au nikitaka kaka yake atanikamatia kalunguyeye mwingine huko mashambani nimweke pale. Nimemngoja mtu huyu miezi kumi na moja, Shangazi, nimehesabu mpaka siku, na sasa naiogopa siku atakayobisha hodi. Nifanye nini?

Mimi, Mpiga Pasi.

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Sasa kaa vizuri, maana pole yangu imeishia hapo.

Ulikosea, na unajua. Kalunguyeye hakimbii moto kama mbuzi. Akiogopa anajikunja, anatulia, anangoja hatari ipite, na moto wa rundo haupiti mpaka umemaliza kila kitu. Ndiyo maana mumeo alikuwa anahangaika saa nzima na reki. Rundo la wiki tano wameshahamia wengi humo: vyura, mijusi, labda na kinyonga, na wadudu ambao ndio chakula chao. Wewe ulikuwa na hasira na mwanamume, ukaenda kumlipizia kiumbe asiyejua hata kama huyo mwanamume ana mke.

Mbwa wa jirani muache, hajakukosea. Na kaka wa mwenzako abaki na shughuli zake. Yaani umemteketeza mmoja, halafu ukamng'oe mwingine kwake, umlete mahali asipopajua, aje akufichie siri? Acha hayo kabisa.

Jumamosi huchomi kitu. Mwambie mama mkwe kwa adabu, na akinuna, yatamwisha. Majani hayahitaji moto. Yaacheni kwenye kona yaoze, udongo wenu utafaidi. Siku mkilazimika kuchoma, fagieni na mchome siku hiyohiyo. Kama rundo limeshalala, lihamisheni lote mpaka kwenye udongo mtupu siku ya kuchoma, si jana yake, maana wakipewa muda watahamia tena. Msimwagie mafuta ya taa, na washeni upande mmoja tu, ili aliyebaki ndani apate pa kutokea. Na maji kwenye kifuniko uendelee kubadilisha, wenye kiu uani si kalunguyeye peke yake.

Kuhusu mumeo: unamwambia Jumapili hii, kwa simu. Usingoje afike na bakuli mkononi, huo utakuwa ukatili wa pili. Mwambie ulichofanya, siku uliyofanya, na kwamba ulimdanganya wiki zote hizo. Usijitetee, msikilize. Huenda akakasirika, na ni haki yake, na atakuwa na siku za kutosha za kukasirika kabla hajafika.

Lakini simu usikate. Unalalamika kwamba hakukuambia atakukumbuka. Je, wewe ulimwambia? Mimi mtu baki, nimesoma ukurasa mmoja tu, nimejua unavyomtamani mumeo mpaka nimevua miwani nikaifuta. Yeye hajui. Miezi kumi na moja mmezungumza habari za Mpangaji kwa sababu nyote wawili mmeona haya kuzungumza habari zenu. Sasa hayupo tena wa kuwasemea. Jumapili, ukishakiri, sema na hilo, kwa mdomo wako mwenyewe.