Omena ya Miaka Hamsini Ijayo

Dada Akoth,

Hamjambo huko Isebania? Mimi niko Homa Bay, namtafsiria profesa mmoja ambaye utafiti wake ni kuwazia kesho. Leo tuliwaingiza ukumbini akina mama wanaouza omena, hawa dagaa wetu wadogo wa ziwani, naye akaiambia AI ichore soko lao miaka hamsini ijayo. Ikachora droni, na omena kubwa kama mbuta, kila moja imetundikwa kwenye ndoano yake! Akina mama walicheka hadi machozi yakawatoka. Profesa akaandika, "Wamefurahi."

Kisha akawauliza wao wanataka nini. Mama Apiyo akasema, "Mabati tu, pale tunapoanika. Omena ikinyeshewa, hiyo ni ya kuku."

"Hayo ni ya leo, mama. Fikiria mbali kidogo."

Basi wakafikiria, mpaka mvua ikapiga paa. Ukumbi ukabaki mtupu. Hata mimi nilikimbia nao kuzoa omena kwenye neti, lakini tulichelewa. Tukarudi tumelowa chepechepe, tukamkuta profesa bado anarembesha picha yake ukutani. Akatuomba tuketi, eti zoezi halijaisha.

Mama Apiyo aliitazama ile picha, akaniambia kwa Dholuo, "Mwambie omena yake imekauka vizuri."

Nikatafsiri neno kwa neno. Profesa akaandika, "Wameipenda."

Nibusie watoto, nimewakumbuka sana. Na ile omena uliyoniagiza, dada yangu, anza kwanza kufuga kuku.

Wako,
Adhiambo