Nilimwekea Salumu Mikononi Mbele ya Watu

Kisangani, Jumatatu

Yaya Mwamini, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu, wewe na nyumba yote ya Kasongo. Mguu wa Mama umepona? Huku risasi zimenyamaza, majani ya sombe ya kupika tunapata. Salumu anaota meno, hanipi usingizi, nimechoka kabisa. Lakini leo naandika nikicheka.

Unajua mateso yangu. Donatien, yule mchekeshaji wa kundi la michezo, aliniacha na mimba hata haijaonekana, akapanda boti na wenzake. Nyuma yake wakaja waasi, mtoto akazaliwa katika fujo ile. Tangu jeshi la serikali lirudi, jirani yangu Mama Albertine anasema pale bombani: "Ule ni mutoto wa waasi." Kambi ya askari ya Kapalata haiko mbali, Yaya. Neno kama hilo linaua.

Basi, ukumbi wa misheni ulionyesha filamu ya kuchekesha. Mwimbaji anazunguka na kundi lake, kila mji ana mchumba, mwishoni anampigia mmoja magoti na maua, anasamehewa. Watu makofi! Mimi nilifunga mtoto mgongoni nikatoka.

Kisha nani akarudi? Donatien! Kundi lake linaigiza filamu ile ile, na mwimbaji ni yeye. Jana mchana nilienda, nikakaa nyuma ya Mama Albertine makusudi. Donatien alipopiga magoti jukwaani, watu wakapanda kumtuza, kumbandika noti za matabishi kwenye paji la uso, kama tunavyofanya siku zote. Nami nikajipanga. Zamu yangu ilipofika, nikamwekea Salumu mikononi.

Watu wakacheka, wakidhani ni mchezo. Akaninong'oneza, "Asina, utaniharibia kazi."

"Mutoto ni wa nani?" nikauliza kwa sauti.

"Bon, tutaongea inje..."

"Hapa hapa. Ni wa nani?"

Mpiga gitaa akaacha. Wamama wa mbele wakaanza, "Sema, papa! Sema!" Jasho likamtoka, noti zikadondoka.

"Ni wangu."

"Hatusikie!"

"Ni wangu! Nilimuacha mu tumbo!"

Leo bombani Mama Albertine amenipisha: "Mama Salumu, tanguliza ndoo." Nimetanguliza.

Na Donatien naye akafika uani na maua yake ya karatasi, akapiga magoti. Nikamwambia, "Yule wa filamu hakuwa na nepi za kufua," nikamsukumia beseni. Amefua zote, Yaya, majirani wakitazama. Alidhani nimemsamehe. Nikaanika, nikamwonyesha njia.

Kesho kundi linashuka mtoni hadi Isangi. Wauza samaki wa Isangi walikuwa ukumbini jana, na pirogi zao zimetangulia asubuhi na habari yake. Acha akapige magoti kule.

Nisalimie Mama, na mjomba wetu, tonton fundi wa baiskeli, na shangazi anayetusukia vikapu. Papa akiuliza, mwambie mjukuu wake ana baba, mji mzima umesikia. Mume sikumtaka.

Mdogo wako anayekupenda,
Asina