Fundi wa Mafundi

Besti uko? Usipige simu, siwezi kuongea. Soma tu.

Nimetoka dukani na shangazi. Tulirudisha kile kinanda alichoninunulia, vibonye vitatu havitoi sauti na waranti bado ipo.

Fundi wa duka akauliza, "Mmekifungua?" Nikamkazia macho nikasema hapana.

Shangazi naye akadakia, "Huyu? Hata kopo la maziwa ananiita mimi nimfungulie."

Jamaa akakiwasha.

Unakumbuka nilivyokichokonoa ndani nikabadilisha mlio wa kuwashia, nikaweka sauti yangu? Mimi nilisahau. Besti, NILISAHAU.

"Karibu tena, fundi wa mafundi!"

Sauti yangu. Duka zima likageuka.

Jamaa hakucheka. Akakizima, akakiwasha upya. "Karibu tena, fundi wa mafundi!" Akamtazama shangazi, akakirudisha kwenye boksi taratibu kama anamlaza mtoto. "Waranti ndiyo basi tena, mama. Mpelekeeni huyo fundi wa mafundi."

Machozi hata hayakuja. Sihisi kitu, nimekaa kama gogo.

Njia nzima shangazi kapakata boksi. Hata "umeniaibisha" hakusema. Bora angesema.

Sasa niko chumbani, yeye yuko sebuleni na kinanda. Anakiwasha. Anakizima. Anakiwasha.

Na kila kikinena "karibu tena", namsikia anakiitikia, kwa upole kabisa: "Asante, mwanangu."