Mstari wa Nne wa Shosho

Jumanne, 4 Februari 2014

Gari limekataa kuwaka tena. Jirani akanisaidia na nyaya zake za betri. Baridi ya kukata masikio. Nikafika kwa Ardis, mzee ninayemtunza kule mji wa Savage, nimechelewa dakika ishirini. Nikamwogesha, nikampa dawa, nikamchemshia yai.

Ana miaka themanini na minne. Mtu wa umri huo siwezi kumwita kwa jina tupu, mama yangu angenichapa, kwa hivyo tangu mwanzo namwita Shosho. Nilimweleza maana yake ni nyanya. Amelipenda mpaka anajitambulisha nalo kwa fundi wa mabomba.

Kabla ya kula akafumba macho, akaomba kwa Kinorwe. Mistari mitatu. Wa nne umepotea. Anafungua mdomo, hakuna kitu. Ni sala ya nyanya yake, aliyekuja huku Amerika kutoka Norwe kwa meli akiwa msichana. Bwanake Shosho aliijua yote, lakini alishakufa, na kumbukumbu za Shosho zimeanza kwenda. Nimemtafutia kwenye simu sala zote za Kinorwe. Anatikisa kichwa. Ya kwao ilikuwa ya bonde lao tu.

Basi kesho tunapanda ndege kwenda Oslo, mimi na yeye, siku nne. Mwanawe amepanga kila kitu. Daktari amekubali shingo upande. Shosho anaamini akiisikia ile lugha barabarani, mstari utarudi. Usiporudi, atakufa na sala nusu. Alisema hivyo akimenya yai.

Kutoka kwake nikaingia shifti ya pili kwenye nyumba ya wazee. Nyumbani Burnsville saa mbili usiku. Binti yangu Neema chumbani, vitu vya muziki masikioni. Ugali na sukuma juu ya jiko, sahani imefunikwa. Nimekula peke yangu kama kawaida. Inachosha. Nikamwambia dada yangu atakuja kukaa naye. "Okay," akasema. Huyu msichana wangu Kiswahili anakisikia tu, kukisema ni vita.

Alhamisi, 6 Februari

Oslo. Tumevaa kama tunaenda kupigana. Kumbe hapa theluji ni ya maji maji tu. Jasho limetutoka mpaka kwenye mgongo. Watu wanalalamika baridi, mimi nacheka.

Shosho alimsalimu kijana wa mapokezi kwa Kinorwe. Akatabasamu, akasema hivyo ndivyo alivyoongea nyanya ya nyanya yake. Kisha akaendelea kwa Kiingereza. Hiyo najua inavyouma. Nina Neema.

Ijumaa, 7 Februari

Siku mbaya.

Mkahawani Shosho aliomba kwa sauti. Mistari mitatu, kimya. Mhudumu amesimama na sahani zetu mikononi. Shosho akamuuliza wa nne. Maskini, huyo hajui sala yoyote. Mzee wa meza ya pili akainuka kwa adabu, akatusomea ya kwao. Siyo.

Kanisani tukauliza. Siyo. Kwenye duka la nyuzi za sufi, akamuuliza mama aliyekuwa akipima uzi. Siyo.

Jioni akaniuliza bwanake ameenda wapi. Nikaogopa. Nikamjibu vibaya, kwamba kesho hatuulizi mtu, tunalala, tunakula, basi. "Sawa," akasema, kama mtoto. Najionea aibu. Mtu amevuka bahari kutafuta mstari mmoja, nami namnyamazisha kwa sababu miguu inaniuma.

Jumamosi, 8 Februari

Niliingia kuoga. Nikatoka, kitanda kitupu. Koti hakuna. Fimbo yake imebaki mlangoni.

Kijana wa mapokezi alimwona akitoka, akashika kushoto. Nikakimbia na nywele mbichi. Barabara zina barafu, tramu zinapita, na mimi napiga kelele, "Shosho! Shosho!" Watu wananipisha. Nilikuwa nimeshaanza kupanga maneno ya kumwambia mwanawe. Saa nzima. Nililia nikitembea, sifichi.

Halafu nikasikia harufu ya mdalasini. Mlango wa chini wa kanisa dogo, uko wazi. Shosho ndani, na koti lake, mbele ya bakuli. Nikamkumbatia mpaka akalalamika.

Mama wa jikoni alinieleza. Jumamosi wanawapikia wazee uji wa mchele. Walikuwa wamemaliza, vyombo vimeoshwa, Shosho akabisha. Akasema samahani, nimechelewa. Mama akamjibu kwa Kinorwe kwamba wa kuchelewa huwa wanabakiziwa. Shosho akasimama pale pale mlangoni, akalia.

Sasa Shosho akanishika mkono wa koti. Akasema mstari wote kwa Kinorwe, kisha akanifasiria. Kwa Kiswahili changu ni hivi: "Na atakayechelewa, abakiziwe."

Nami nikawekewa bakuli. Kwetu uji ni wa kunywa. Huu ni wa kijiko, siagi katikati. Nikala mawili. Mungu si Athumani.

Jumapili, 9 Februari

Ameomba kila mlo, hata kwa kahawa. Mistari minne. Mimi naitikia amina. Nikamwomba msamaha kwa maneno ya Ijumaa. Akasema hakumbuki maneno yoyote. Sijui ni ugonjwa au ni huruma. Nashukuru tu.

Jumatano, 12 Februari

Kazini tena. Gari limewaka. Shosho ameomba bila kukwama. Nimeuandika ule mstari kwa herufi kubwa, nikaubandika kwenye friji yake, siku ukitoroka tena.

Nimerudi nyumbani saa mbili. Juu ya jiko, sahani imefunikwa na nyingine. Chapati mbili na maharagwe. Nikasimama hapo na koti langu. Tangu nianze shifti hii, miaka miwili, sahani hiyo huwa hapo. Haijakosa hata siku moja. Na mimi kazi yangu kunung'unika kwamba nakula peke yangu.

Nikamwita Neema. Akatoa vitu masikioni. Nikamuuliza nani alimwambia awe ananiwekea. Akanitazama kama nimeuliza kitu cha ajabu.

"Si huwa unachelewa, Mum," akasema. Kwa Kiswahili.

Nikamwambia asante. Ya miaka miwili. Akakaa nami mezani mpaka nikamaliza. Maharagwe yalikuwa na chumvi nyingi. Nimekula yote.