Nyuma ya Tangi la Msikiti

Msambweni, Safar 1419

Kwa dada yangu Khadija, uliyenilea baada ya mama,

Shikamoo. Amani ya Mola na rehema zake zikukute hapo Faza ukiwa na afya, na macho yako yawe yamepata nafuu. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio mgonjwa. Nakuandikia kabla hujazipata habari hizi kwa wasafiri, kwani najua unavyonisifu kwa majirani kuwa ndugu yako ni maalimu wa watu huku Kwale.

Nilikuarifu kwamba tunajenga banda la chuo cha Kurani cha wasichana. Mahali nilichagua mwenyewe: nyuma ya tangi la maji la msikiti, jengo nene la zege, la pembe nne, lililosimama upande wa kusini. Nilisema kwamba pale watoto watasitirika na macho ya barabarani, na upepo wa kusi utakingwa na tangi.

Fundi wetu alikuwa Mutua, Mkamba, Mkristo, aliyekuja pwani kujenga mahoteli ya Diani. Yeye alikataa. "Maalim, nyuma ya kitu butu upepo haupumziki. Unazunguka." Akanipeleka kwenye mfereji uliokuwa ukipitisha maji ya mvua, akasimamisha tofali katikati, akamwaga konzi ya vumbi la mbao. Dada, niliona kwa macho yangu. Mbele ya tofali vumbi lilipita sawasawa. Nyuma yake lilijikunja, likarudi hadi kuligusa tofali, kisha vizingia vidogo vya maji vikawa vinabanduka kwa zamu, kimoja kulia, kimoja kushoto, vikifuatana hadi mbali.

"Ngalawa haifanyi hivi, imechongwa nyuma," akasema. "Tangi halikuchongwa. Mabati yatavutwa juu na kuachwa, yatavutwa na kuachwa, mpaka misumari ichoke. Tusogeze banda kule."

Wazee walikuwa wakitazama. Nikasema kwa sauti, "Jamani, mtu wa bara amekuja kuwafundisha watu wa pwani upepo!" Wakacheka. Mutua naye akacheka kidogo, akapangusa mikono, akajenga pale nilipoamuru.

Kusi ilipokaza, mabati yalitetema siku nne mfululizo hata tukawa tunasomesha kwa kupaaza sauti. Siku ya tano, asubuhi ya darasa, bati moja liling'oka, likamkata begani Mwanasiti, mjukuu wa Bi Mwanasha jirani yetu. Alishonwa hospitalini, anaendelea vyema, alhamdulillahi, ila mkono bado haujainuka sawasawa.

Kamati ya msikiti iliponiuliza, nilijibu: "Misumari ilikuwa mifupi." Maneno matatu, dada. Misumari ilikuwa mirefu, niliinunua mimi. Mimi ninayewafundisha watoto uzito wa ushahidi wa uongo! Maneno yangu yakafika Diani, na msimamizi wa jengo ambalo Mutua alikuwa amepata kazi akamwambia kwamba hahitaji fundi anayeumiza watoto.

Nikanyamaza. Wiki tatu niliswalisha watu nami nimenyamaza.

Ndipo Bi Mwanasha alipokuja na ubani. "Maalim, nataka unisomee Halbadiri. Aliyemuumiza mjukuu wangu, imfikie."

Unajua kinavyoogopwa kisomo hicho cha kumshtaki dhalimu kwa Mungu. Nikasema, "Bi Mwanasha, msamehe tu."

"Kusamehe nitasamehe yeye akishalemaa. Soma!"

Nikafungua kitabu. Nikakumbuka kwamba kisomo kile hakiulizi jina. Humwendea mwenye kosa, hata akiwa ndiye msomaji. Nikakifunga. "Mwenye kosa ni mimi," nikamwambia, na nikamweleza yote, hadi tofali na mfereji.

"Wiki tatu namlaani mtoto wa watu kila swala," akasema. "Laana zangu nizirudishe vipi sasa, Maalim? Wewe ndiye mwenye elimu."

Akaufunga ubani wake katika pindo la leso. "Kayaseme palepale uliposemea uongo. Nitakuja kusikiliza."

Siku ya Ijumaa niliyasema mbele ya jamaa wote, baada ya swala. Hakuna aliyecheka. Kesho yake nilikwenda Diani kwa yule msimamizi, kisha nikamtafuta Mutua, nikamkuta Ukunda akiponda kokoto juani. Nikamwomba radhi. Hakunipa mkono.

"Siku ile waliocheka walikuwa wengi. Umewaambia wote?"

"Wote."

"Na yule bosi?"

"Natoka kwake. Anakungoja Jumanne."

Akaendelea kuponda kokoto. Mwishowe akasema, "Kesho nitakuja tulihamishe banda. Lakini Maalim, ngazi utashika wewe."

Nimeishika siku mbili, dada, watoto wangu wa chuo wakinitazama. Kuhusu uimamu, nimewaachia kamati waamue.

Nisalimie shemeji yangu Bwana Omari, mumeo, na mpwa wangu Fatuma pamoja na kichanga chake. Na baba, mzee wetu aliyenifundisha alifu kwa kijiti mchangani, msomee barua hii mwanzo hadi mwisho. Akikuuliza kama ni mimi kweli niliyeyatenda, mwambie ndiye, wala usinitetee.

Nduguyo mdogo, mwenye haya mbele yako,

Athmani